Mshauri wa viza ya mume aliyeniuliza "PIP unapata?" (nyota 4 kwa 5)

Mume wangu aliingia Uingereza Novemba 2025, alhamdulillah, na nilikuwa nimeweka nadhiri akifika tu nakaa chini naandika kuhusu mshauri wa uhamiaji aliyetusaidia, basi leo ndo natimiza. Nitaandika kirefu manake najua huku kuna wenzangu wengi, wagonjwa au walemavu kama mimi, wana waume na wake nyumbani na washaambiwa sahau, mshahara wako hautoshi. Mimi pia niliambiwa hivo, na aliyeniambia nilimlipa.

Mimi ni raia wa Uingereza, niliumia uti wa mgongo miaka iliyopita, ndani ya nyumba natembea na magongo mawili na nje natumia kiti cha magurudumu. Nafanya kazi masaa 16 kwa wiki, kazi ya kupokea simu za wateja nikiwa nyumbani. Alafu napata PIP, zile pesa za serikali kwa mtu ambaye ugonjwa au ulemavu unamtatiza kujihudumia ama kutembea. Mume wangu alikuwa Mombasa, tulioana 2023.

Mshauri wa kwanza sitamtaja wala sitasema yuko mji gani. Pauni 120 kwa saa moja ya simu. Akaniuliza mshahara wangu kwa mwaka, nikamwambia haufiki elfu kumi, nikamsikia anabonyeza kalkuleta, sijui alikuwa anahesabu nini manake jibu lilikuwa wazi hata bila kalkuleta. Akaniambia tangu tarehe 11 Aprili 2024 anayemleta mume au mke anatakiwa awe na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, zamani ilikuwa 18,600 tangu 2012 lakini ishapanda, na kama huna kipato hicho basi uwe na akiba ya pauni 88,500 benki. "Pole dada, tafuta kazi ya pili, ukipata tupigie."

Nimekuja kuhakikisha baadaye, kila namba aliyonitajia ilikuwa sahihi. Ndo maana sikumshuku. Mtu akikwambia tarehe na mwaka na pesa mpaka senti unaamini anajua kazi yake. Lakini saa nzima hakuniuliza naishi vipi kwa mshahara ule, hakuniuliza kama kuna pesa nyingine inaingia, hakuniuliza kwa nini nafanya masaa 16 tu. Angeuliza hilo la mwisho peke yake tungefika.

Miezi saba tukakaa hivo. Nikaomba kazini niongezewe masaa, nikafanya wiki tatu, ya nne nikashindwa kuinuka kitandani mpaka dada yangu akaja kukaa na mimi. Mume wangu akawa anasema basi acha, tutaishi hivi hivi kwa simu, na mimi nasikia kwenye sauti yake kwamba hataki tuishi hivi hivi kwa simu. Sisemi zaidi ya hapo, aliyepitia anajua.

Sasa huyu wa pili. Namba yake nilipewa na mama mmoja pale msikitini, akaniambia nenda kwa fulani, ni mtu wa pwani, anaongea kama sisi na amesajiliwa. Hilo la kusajiliwa nalisema mapema kwa sababu wengi hatulijui: Uingereza huwezi tu kuamka ukaanza kutoa ushauri wa uhamiaji, ni kosa la jinai kama hujasajiliwa, sheria ni ya 1999. Wakili ana chombo chake kinachomsimamia, na hawa washauri wasio mawakili wako chini ya Immigration Advice Authority, zamani ikiitwa OISC, jina limebadilika Januari 2025. Kuna orodha yao mtandaoni, unaandika jina unaona kama yumo. Mimi nilitafuta jina lake kabla sijapanda teksi, nikaliona.

Nikafika. Ofisi iko ghorofa ya kwanza juu ya duka la kinyozi, ngazi nyembamba, lifti hakuna. Nilikaa pale chini kwenye kiti changu natazama zile ngazi na nilikasirika sana, manake kwenye simu nilisema kabisa nina ulemavu. Nikapiga simu, akapokea, akasema subiri mwanangu nashuka. Akashuka na faili kwapani, akaongea na kinyozi, kinyozi akatusogezea viti vya wateja pembeni karibu na hita, basi mkutano wetu ulifanyika pale mashine zinanguruma na watoto wananyolewa. Hata mkono hatujapeana vizuri akanitazama na kile kiti changu akasema:

"Hiki ni cha muda au cha siku zote?"

"Cha siku zote mama."

"PIP unapata?"

"Napata."

"Basi ile 29,000 iache, si yako hiyo."

Wallahi nilimwambia rudia. Akarudia. Nikamwambia nilishalipa mtu akaniambia vingine, akasema najua, wanakuja wengi.

Akanieleza hivi, na naomba usome taratibu kwa sababu kila kitu kiko hapa. Ile sheria ya kipato ina mlango wa pembeni. Kama wewe unayemleta mwenzako unapokea mojawapo ya malipo fulani ya ulemavu au ya kumhudumia mgonjwa, hupimwi kwa ile 29,000. Alizonitajia ni PIP, ile ya zamani yake Disability Living Allowance, Attendance Allowance kwa wazee, Carer's Allowance kwa anayemtunza mgonjwa, Industrial Injuries Disablement Benefit kwa walioumia kazini, ile ya wanajeshi, na kwa walioko Scotland ni Adult Disability Payment. Ukipata mojawapo unahamia kipimo kingine, wanauliza tu kama mna pesa za kutosha kuishi bila kuongeza mzigo kwa serikali. Lakini angalia, Universal Credit, ile pesa ya serikali kwa wenye kipato kidogo, peke yake haikuhamishi, wala ESA, ile ya wanaoshindwa kufanya kazi kwa ugonjwa, peke yake. Hapa wengi wanachanganya, wanadhani benefiti yoyote ni sawa. Si sawa. Mtu anaweza kuwa mgonjwa kweli kweli na anapata Universal Credit ya wasioweza kufanya kazi lakini PIP hajawahi kuomba, huyo bado anadaiwa 29,000. Mama yule aliniambia ameshawarudisha watu nyumbani waende waombe PIP kwanza alafu viza baadaye, na wengine hawakurudi kwa sababu PIP nayo kuipata ni kazi.

Hiki kipimo kingine kinapimwa vipi? Nilikuwa na barua yangu ya PIP ndani ya bahasha yake ya kahawia, wanaoishi huku wanazijua zile bahasha, moyo unadunda ukiiona imedondoka mlangoni. Akaitoa barua, akaigeuza bahasha, akaandika nyuma yake herufi tatu, A, B, C. A ni kinachoingia, baada ya kodi. B ni nyumba. C ni kiwango ambacho serikali ingeipa familia ya Kiingereza ya ukubwa kama wenu kwa Income Support, ule msaada wa zamani wa wenye kipato kidogo. Ukitoa B kwenye A, kinachobaki kisiwe chini ya C. Basi. Akasema hii hesabu imetoka kwenye kesi ya 2006 ya watu wa Pakistan, KA na wenzake, majaji walisema haifai familia ya mgeni iishi chini ya kiwango ambacho familia ya hapa inapewa.

Alafu akaanza kujaza. Mshahara wangu masaa 16 kwa 12.21, ni 195.36 kwa wiki, mdogo hata haukatwi kodi. PIP yangu ya kujihudumia kiwango cha kawaida 73.90, ya kutembea kiwango cha juu 77.05, jumla 150.95. Nikamuuliza, mama, PIP nayo inahesabiwa? Si ni pesa ya ugonjwa wangu? Akasema inahesabiwa, ni kipato chako, iandike. Ikafika 346.31 kwa wiki. Kodi ya nyumba 112 kwa wiki, akaongeza na kaunsili taksi, ile kodi ya halmashauri, 22, akasema mimi naitoa siku zote ili mtu wa Home Office, wizara inayoamua viza, asipate pa kushika. Ikabaki 212.31. Alafu C, mume na mke bila watoto, 144.65 kwa wiki, hivyo ni viwango vya mwaka ule wa fedha wa 2025 kwenda 2026. Akachora mstari chini, tumevuka kwa pauni 67 na kitu. Nikazitazama zile namba kwenye karatasi ya kahawia nikawa sina la kusema. Miezi saba. Ilichukua chini ya dakika kumi, na kinyozi hajamaliza kichwa kimoja.

Universal Credit naipata kidogo na kwenye ile bahasha hakuiandika. Nikadhani kasahau, kumbe kaiacha makusudi. Akasema ile inapanda na kushuka kila mwezi kufuatana na mshahara, nataka nione kama mnavuka bila hiyo kwanza. Kwenye fomu tuliiweka kwa sababu lazima useme kila kitu, lakini hesabu yetu ilikuwa imesimama bila hiyo. Huo ndo umakini ninaousema. Na mshahara wa mume huko Mombasa hakuuhesabu kabisa.

Bei yake, pauni 450 kukagua faili zima na kuandika barua ya kuwasilisha. Kujaza fomu tulijaza wenyewe, mimi na mume wangu kwenye simu usiku, yeye anakagua. Ada ya viza yenyewe tulipoomba Julai 2025 ilikuwa pauni 1,938, na pesa ya hospitali ni 1,035 kwa mwaka, viza ya kwanza ni miezi 33 lakini wanakuhesabia miaka mitatu mizima, ikawa 3,105. Kwa hiyo mbili hizo tu ni 5,043, na hapo kuna mtihani wa Kiingereza wa A1, yaani kiwango cha mwanzo, na kipimo cha kifua kikuu ambacho mume wangu alikwenda kukifanya IOM, lile shirika la kimataifa la uhamiaji, Nairobi. Kuwa na PIP hakukupunguzii hata senti moja ya ada, hilo liliniuma na bado linaniuma. Kuna msamaha wa ada kwa wasioweza kulipa na alinieleza, ila lazima uonyeshe pesa zako zote zilivyo na sisi tulikuwa tushachangiwa na familia pande zote mbili, hatukuomba.

Kwenye karatasi alikuwa mkali. Barua ya PIP inayosema nastahili na kiasi gani, si ile ya zamani, ya sasa. Na steitimenti ya benki inayoonyesha PIP inaingia kwenye akaunti yangu. Kwa sheria inatosha hata steitimenti moja ya ndani ya miezi 12 kabla ya kuomba, yeye alitaka sita, pamoja na pei slipu za miezi sita zinazolingana na benki mstari kwa mstari. Alipitisha kidole kwenye kila mstari. Akakuta mwezi mmoja pei slipu na benki hazilingani kwa pauni 14, nikakumbuka nilikatwa kwa siku moja niliyokwenda hospitali, akaniambia omba kazini wakuandikie. Nikaona anazidisha, pauni 14 jamani, lakini nikaomba wakaandika. Na barua ya mwenye nyumba kwamba mume anaruhusiwa kuhamia na nyumba si ya kubanana.

Mambo ya kulalamikia yapo pia, sitayaficha. La kwanza ni zile ngazi. Mtu ambaye wateja wake wengi ni walemavu anakaa juu ya ngazi, hapana. Alishuka kila mara nilipokwenda, mara nne, na kinyozi ni mtu wa heshima sana, lakini mambo yangu ya benki na ya mwili wangu yakazungumzwa watu wanasubiri zamu ya kunyolewa. Siku moja nilitaka kumuuliza kitu kuhusu maelezo ya ugonjwa wangu nikashindwa kwa sababu jirani yangu alikuwa amekaa pale. Nilimwambia, akasema mkataba wa ofisi unaisha na anatafuta ya chini. Natumaini. La pili simu, mchana hapokei kabisa, unaacha ujumbe anajibu siku ya pili au ya tatu, na ukiwa unasubiri viza siku tatu ni kama mwezi. La tatu barua ya kuwasilisha ilikuja na mwaka wa ndoa umekosewa, 2022 badala ya 2023, mimi ndo niliyeuona, akarekebisha dakika ile ile na akaniomba radhi vizuri, lakini kama nisingesoma je. Someni kila kitu hata kama mmelipa. Hizo ndo zimenifanya nipunguze nyota moja.

Wiki 14 tukasubiri. Jibu likaja mwisho wa Oktoba, mume wangu alinipigia video hakusema neno, akaweka pasipoti mbele ya kamera.

Sasa baada ya kufika kuna mambo ambayo alinieleza kabla na nilikuwa nayaogopa bure, na mengine sikuyaogopa na nilipaswa. Nililoogopa bure ni kwamba akifika PIP yangu itakatwa. Haikatwi, PIP haitazami kipato chako wala cha mume wako. Universal Credit ndo inayotazama. Nalipwa bado kiwango cha mtu mmoja, kwake yeye hawaongezi kitu kwa sababu viza yake imeandikwa hana ruhusa ya fedha za umma, ila mshahara wake akianza kazi unahesabiwa. Kwa hiyo yeye haongezi kwenye benefiti lakini anapunguza. Mimi naona hiyo si haki lakini ndo ilivyo, na afadhali ujue mapema usije ukashtuka mwezi wa kwanza.

Na hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni: mume anayekuhudumia HAWEZI kuomba Carer's Allowance kwa viza hii. Ni fedha za umma. Mume wangu ananisaidia kuoga, kupika, kupanda kitandani, masaa mengi tu, na nilikuwa nimeshaipiga hesabu ile pesa kichwani. Yule mama akaniambia futa. Anaruhusiwa kufanya kazi siku ya kwanza anayofika, hospitali anatibiwa, lakini asiguse benefiti yoyote ya fedha za umma kwa jina lake, manake akigusa anavunja masharti ya viza na itamrudia kwenye viza inayofuata. Kuna dada namjua, alipita njia hii hii na hakuambiwa, mume akaomba, nusura iwaharibie kila kitu.

Alafu hili la viza inayofuata. Hizi ni miezi 33, kabla haijaisha unaomba tena miezi 30, ukifika miaka mitano ndo unaomba ukaazi wa kudumu. Na kila ukiomba wanauliza upya, je bado unapokea PIP? Kama PIP imesimamishwa siku unaomba, ule mlango wa pembeni umefungwa, unarudi kwenye 29,000 kama kila mtu. Hili sikuwa nimelifikiria kabisa, nilikuwa nawaza afike tu. Yeye alishalifikiria. Siku nilipokwenda kumshukuru na halwa alitoa kalenda ya simu yake akaniuliza barua yako ya PIP inasema mapitio lini, nikamwambia Februari 2028. Viza ya mume wangu inaisha Agosti 2028. Akakaa kimya kidogo. Akasema ile fomu ya mapitio ikija usikae nayo hata wiki, jaza, piga picha kila ukurasa, tuma kwa rekodi, na wakikukatia usilie, nipigie siku hiyo hiyo tukate rufaa, kwa sababu tutakuwa na miezi sita tu.

Ameandika ukumbusho kwenye simu yake wa Januari 2028 kwa jina langu, nimeuona kwa macho yangu.

Mkimtaka, niulizeni namba nitawapa mmoja mmoja. Pigeni kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, hapo ndo anapokea. Na kama huwezi kupanda ngazi mwambie kwenye simu, alafu ukifika mlangoni mwambie tena.